Kamera nne za filamu ya 120 kwa mpiga picha wa Nyanda za Juu Kusini

Anayetaka kuanza kupiga filamu ya 120 huku kwetu, awe Iringa, Mafinga, Njombe, Mbeya au Tukuyu, mara nyingi hukwama mahali pamoja. Ameshaamua anataka negativu kubwa na hela ameanza kuitenga, lakini kila akipekua matangazo ya kamera za mtumba kutoka Japani na Ulaya anakutana na aina nne zinazojirudia: kamera ndogo za kukunja kama Agfa Isolette na Zeiss Ikon Nettar, kamera za lenzi mbili, ambazo kwa bei ya kati Yashica-Mat 124G ndiyo inayotajwa zaidi, Mamiya RB67, na Hasselblad 500C/M. Wauzaji wanazisifia zote. Nami nazipenda zote nne, na kila moja ilitengenezwa kwa kazi yake. Ninachoshikilia ni kwamba huku nyanda za juu swali la lenzi ipi ni kali zaidi lije mwishoni. Kwanza jiulize njia utakayopita ukiwa umeibeba, na nani ataifungua siku shata (kifaa kinachofunguka na kujifunga kuruhusu mwanga ufikie filamu) ikigoma.

Filamu yenyewe ni moja kwa zote. Kodak waliitoa mwaka 1901 kwa kamera ya Brownie namba 2, na mpaka leo Kodak, Ilford na Foma wanaendelea kuitengeneza. Ni utepe wa upana wa sentimita 6 hivi, umevingirishwa pamoja na karatasi, hauna kikopo kama mkanda wa 35 mm ambao studio zetu zilizoea kuutumia kwa harusi na picha za pasipoti. Negativu ya mraba ina milimita 56 kwa 56, ya mkanda mdogo ina 24 kwa 36. Piga hesabu utaona eneo limeongezeka zaidi ya mara tatu na nusu. Ndiyo maana makunyanzi ya uso wa mzee, majani ya chai ya Mufindi na nguzo za udongo za Isimila hutoka kwa undani ambao mkanda mdogo hauufikii.

Vipimo nilivyotumia

Kila kamera nimeipima kwa mambo matano: uzito na safari, namna inavyopiga, ubovu unaoletwa na uzee wake, bei pamoja na vipuri, na mtu inayemfaa.

Hali ya hewa yetu inaingia katika vipimo vyote. Mvua ni za kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huo huzalisha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu ikishakula vioo hairudi nyuma. Kiangazi kinaleta vumbi, hasa ukishuka upande wa Usangu. Juni na Julai baridi ya Njombe na Makete inafika kiwango cha jalidi, na betri hazipendi baridi. Kwa bahati njema, hizi nne zote hupiga bila betri. Ukishawishiwa kununua Bronica ETRS, ambayo nayo ni kamera nzuri, ujue betri yake ya volti 6 ikiisha inabaki na mwendo mmoja tu wa shata, 1/500 ya sekunde.

Kamera ya kukunja: Agfa Isolette, Zeiss Ikon Nettar

*Uzito na safari.* Ni kamera za Kijerumani, nyingi za miaka ya 1930 hadi 1950. Lenzi imeungwa na mwili kwa mvukuto. Ukibonyeza kitufe mlango unafunguka na lenzi inachomoza. Ukimaliza unaikunja na kuitia mfukoni mwa koti. Uzito ni nusu kilo na kidogo. Kwa anayepanda kwenda Ziwa Ngozi, ambako njia ya msituni ni mwinuko na utelezi, au anayeshinda kutwa akitembea Kitulo msimu wa maua, hakuna kati ya hizi nyingine inayoikaribia.

*Namna inavyopiga.* Zile za mraba hutoa picha 12 kwa filamu moja. Nyingi hazina kifaa cha kupimia umbali, kwa hiyo unakadiria mita kwa macho na kuziweka kwenye pete ya lenzi. Kwa mandhari hilo halisumbui: ukiwa na lenzi ya milimita 75, ukiweka tundu la lenzi kwenye f/11 na umbali wa mita 10, vitu vyote kuanzia mita 5 hadi milima ya mbali vinakuwa kwenye fokasi. Shida inakuja ukitaka uso wa mtu kwa karibu. Hapo kukosea nusu mita kunatosha kuharibu picha.

Kuna tabia mbili za kujizoeza. Fungua mlango polepole, kwa sababu mvukuto ukifunguka kwa ghafla unavuta hewa na filamu inapinda. Ni salama zaidi kusogeza filamu baada ya kuufungua mlango huo. Pili, kidirisha chekundu cha nyuma kinachoonyesha namba kifunike mara tu ukishasoma. Jua letu la mchana ni kali, na filamu ya ISO 400, inayoshika mwanga upesi, haivumilii.

*Ubovu wa uzee.* Isolette inajulikana kwa grisi ya pete ya fokasi kuganda mpaka pete haizunguki, na kwa mvukuto kutoboka kwenye kona. Mivukuto ya Zeiss Ikon kwa kawaida imedumu vizuri zaidi. Kagua hivi: ingia chumba chenye giza, fungua mgongo wa kamera, weka tochi ya simu ndani ya mvukuto, kisha zunguka kwa nje ukitazama kona moja baada ya nyingine. Kila nukta ya mwanga unayoiona itakuwa doa kwenye picha.

*Bei na vipuri.* Mara nyingi inapatikana chini ya dola 100, kabla ya usafiri na ushuru. Filta zake ni za kuvalisha, za vipimo vya zamani, hivyo tafuta muuzaji anayeziuza pamoja na kamera.

*Inamfaa* mtembeaji wa milimani na anayetaka kuonja filamu ya 120 bila kuingia gharama kubwa.

Kamera ya lenzi mbili: Yashica-Mat 124G

*Uzito na safari.* Kilo 1 na kidogo, umbo la kisanduku, unaivaa shingoni. Kwenye basi inakaa mapajani, sokoni inakaa tumboni, na haina kitu kinachochomoza cha kugongwa. Muundo huu ulivumishwa na kamera ya Rolleiflex kutoka Braunschweig, Ujerumani, tangu 1929. Yashica ya Japani ilitoa 124G mwaka 1970 ikaendelea kuiuza hadi miaka ya 1980, kwa hiyo zilizobaki ni changa kuliko Rolleiflex nyingi.

*Namna inavyopiga.* Lenzi ya juu ni ya kutazamia, ya chini ndiyo inayopiga. Unainamisha kichwa na kuangalia kioo kilicho juu ya kamera, ambako picha inaonekana wima lakini kulia na kushoto vimebadilishana. Mtu akisogea kulia, kwenye kioo anakwenda kushoto. Mkono unazoea baada ya filamu chache.

Kuinama huko kuna faida ambayo vitabu vya mafundisho haviitaji sana. Ukimpiga mtu picha kwa kamera ya kawaida unamfichia uso wako na kumwelekezea chuma. Kwa lenzi mbili unakuwa umeinama mbele yake. Nilipompiga bibi mmoja kule Rungwe, akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya migomba yake, baada ya shikamoo na marahaba alinitazama kwa muda kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mbona unaangalia chini, picha unampiga nani?" Nikamsogezea kamera ajione kwenye kile kioo. Alikaa akakitazama, akaita wajukuu nao waone, na alipokaa tena kwenye kigoda chake uso ulikuwa umefunguka kabisa. Picha za wazee za namna hiyo ndizo zinazonifanya niipende kamera hii kwa moyo wote.

Shata yake iko ndani ya lenzi na hakuna kioo cha kuruka ndani, kwa hiyo haina kishindo. Ukitulia na kuvuta kamba ya shingoni ikakaza, 1/30 kwa mkono inawezekana, jambo la maana ndani ya nyumba zenye dirisha moja. Flashi inafanya kazi kwa mwendo wowote mpaka 1/500, hivyo bibi harusi aliyesimama nje ya kanisa saa saba mchana unaweza kumtoa kivuli cha macho bila kuunguza anga.

Upungufu wake ni kwamba lenzi ni moja tu, milimita 80 f/3.5, haibadilishwi. Inakaribia mpaka mita 1 tu, na ukiwa karibu hivyo lenzi ya juu inaona tofauti kidogo na ya chini, kwa hiyo acha nafasi juu ya kichwa. Anayetaka kubadilisha lenzi akiwa na muundo huu huu aangalie Mamiya C330, akubali uzito kuongezeka.

*Ubovu wa uzee.* Mwendo wa polepole wa shata hugoma kwanza. Kioo cha ndani cha kutazamia hupoteza fedha yake na kufifia. Kipima mwanga kilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena. Watu hutumia betri ndogo za vifaa vya kusaidia kusikia, zenye volti zinazokaribia hapo, lakini mimi nashauri ukichukulie kama pambo. Pima kwa programu ya simu, au tumia kanuni ya jua: jua kali bila mawingu, f/16, na mwendo wa shata unaolingana na ISO ya filamu.

*Bei na vipuri.* Dola 200 hadi 400 kwa iliyo hai. Filta ni za kuchomeka na kuzungusha kidogo, zinaitwa Bay 1, nazo hazipatikani madukani kwetu, lakini mtandaoni zipo.

*Inamfaa* mpiga picha za watu, mwanahabari wa simulizi za vijijini, na yeyote atakayekuwa na kamera moja tu.

Mamiya RB67

*Uzito na safari.* Ikiwa na lenzi na mgongo wa filamu inapita kilo 2 na nusu, na bado hujabeba stendi ya miguu mitatu. Ni kamera ya gari au ya studio. Lakini usiidharau kwa nje: mashamba ya chai ya Mufindi, misonobari ya Sao Hill, na mabonde mengi ya Tukuyu yanafikika kwa barabara, na unaweza kusimamisha stendi hatua chache kutoka gari. Kitulo inawezekana pia, ila upepo wa kule unahitaji stendi nzito kweli. Ning'iniza begi katikati ya miguu yake.

*Namna inavyopiga.* Negativu ni 6×7, picha 10 kwa filamu. Umbo hilo linaingia kwenye karatasi ya inchi 8 kwa 10 karibu bila kukata, na ndiyo maana wapiga picha za familia waliipenda tangu ilipotoka mwaka 1970. Herufi RB ni za mgongo unaozunguka: ukitaka picha ya kusimama badala ya kulala unageuza mgongo tu, kamera inabaki kwenye stendi.

Fokasi yake ni ya mvukuto, na hapa ndipo inapowaacha wenzake mbali. Ukiwa na lenzi ya milimita 90 au 127 unaweza kulisogelea ua la okidi la Kitulo bila kununua pete za nyongeza. Kumbuka mvukuto ukitanuka mwanga unaofika kwenye filamu unapungua; ubavuni mwa kamera kuna mchoro wa kukuonyesha uongeze kiasi gani. Ukiusahau, maua yako yatatoka meusi. Kwa nyuso, tafuta lenzi ya milimita 180: unakaa mbali kidogo na mtu, naye anapumua.

Mchakato wake ni wa hatua. Wenzo mmoja unaandaa shata na kioo, mwingine, ulio kwenye mgongo, unasogeza filamu. Toleo la Pro S la mwaka 1974 lina vizuizi vya kukukinga usipige picha juu ya picha. Toleo la kwanza linategemea zaidi umakini wako. Shata inaishia 1/400.

*Ubovu wa uzee.* Sponji zinazoziba mwanga kwenye mgongo huoza na kunata kama lami. Hilo si la kukukimbiza, kwani unalimaliza mwenyewe: ondoa ya zamani kwa spiriti na kijiti, bandika sponji mpya nyembamba au uzi mweusi wa sufi. Kwa kuwa shata iko kwenye kila lenzi, lenzi moja ikifa unaagiza nyingine na kazi inaendelea. Kwa sisi tulio mbali na mafundi, hiyo ni nafuu kubwa.

*Bei na vipuri.* Seti kamili mara nyingi ni dola 300 hadi 600, na usafirishaji wake ni ghali kwa sababu ya uzito. Lenzi nyingi zinachukua filta za milimita 77, kipimo ambacho wenye kamera za kidijitali wanakitumia kila siku, kwa hiyo filta ya njano ya kuyakoleza mawingu ya Rungwe utaipata bila kuhangaika.

*Inamfaa* mwenye studio, mpiga picha za familia, na mpenda maua na mandhari mwenye usafiri.

Hasselblad 500C/M

*Uzito na safari.* Kilo 1 na nusu hivi ikiwa na lenzi ya Zeiss Planar ya milimita 80 f/2.8. Inabebeka begani siku nzima.

*Namna inavyopiga.* Ni ya Sweden, na 500C ya kwanza ilitoka 1957. Ni kamera za Hasselblad zilizopiga picha za Apollo 11 mwezini mwaka 1969. Inatoa picha 12 za mraba. Unaona kupitia lenzi ile ile inayopiga, unabadilisha lenzi, na unaweza kuvua mgongo wenye filamu ya rangi katikati ya safari ukaweka wa nyeusi na nyeupe. Ukungu wa asubuhi Uporoto kwa nyeusi na nyeupe, soko la mchana kwa rangi, kamera moja. RB67 nayo inabadilisha mgongo, ila hii unaifanya ukiwa umesimama njiani. Flashi ni mpaka 1/500.

*Ubovu wa uzee.* Ukiivalisha lenzi kwenye mwili wakati kimojawapo hakijavutwa tayari kupiga, inakwama, na kuikwamua kunahitaji mkono unaojua. Inahitaji matengenezo ya mara kwa mara ambayo utayatuma nje. Fikiria gharama hiyo kama sehemu ya bei.

*Bei na vipuri.* Seti nzuri inazidi dola 1,000. Filta za lenzi za zamani ni Bay 50, za baadaye ni Bay 60, na hazibadilishani.

*Inamfaa* anayelipwa kwa picha zake, au anayejua kwa hakika kwamba atapiga filamu kwa miaka mingi.

Kabla ya kutuma hela

Mwombe muuzaji video, picha za kamera hazitoshi. Kwenye video hiyo aweke shata kwenye sekunde 1 na kuifyatua, mgongo ukiwa wazi. Pima kwa saa ya simu: ikivuta mpaka sekunde 2, mafuta yameganda, na baridi yetu ya Julai itaizidishia. Amulike tochi ndani ya lenzi kutoka nyuma, shata ikiwa wazi. Vumbi dogo halina neno. Nyuzi nyeupe zinazotawanyika kutoka ukingoni ni kuvu, iache. Ulizia ushuru wa forodha na VAT kabla, maana kamera ikishafika hakuna kujadiliana.

Ikifika, itunze kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu. Mfuko wa ngozi unaokuja na kamera ni mzuri kwa macho, lakini masika ngozi hunyonya maji, na kuvu huanzia humo.

Kuhusu kusafisha filamu, wa huku tuna bahati ambayo wenzetu wa pwani hawana. Dawa za nyeusi na nyeupe kama D-76 hutumika kwa nyuzi joto 20, na maji yetu ya bomba mara nyingi yako karibu na hapo. Njombe wakati wa kipupwe utayachanganya na ya moto kidogo. Filamu za rangi zinataka nyuzi joto 38 zisizoyumba, kwa hiyo anza na nyeusi na nyeupe. D-76 ni ya unga, inasafirishwa kirahisi kuliko dawa za maji. Ukishakausha negativu, ipige kwa kamera ya kidijitali au simu nzuri juu ya ubao wa mwanga, upeleke faili studio yoyote inayochapisha.

Kwa hali yako

Kama safari zako ni za miguu, mlima Rungwe, Ngozi, Kitulo, na fedha ni kidogo, chukua Nettar yenye mvukuto mzima. Isolette ichukue tu pale muuzaji anapothibitisha pete ya fokasi inazunguka.

Kama unataka kupiga watu, wazee wa kijijini kwenu, mafundi wa Mwanjelwa, abiria wa TAZARA kwenye stesheni ya Mbeya, nenda kwenye lenzi mbili. Omba ruhusa, waonyeshe kioo, chukua muda.

Una studio Iringa au Mbeya na wateja wanaotaka picha ya familia ya kutundika sebuleni? RB67 na lenzi ya 180, na uiache kwenye stendi. Hiyo hiyo ni ya mpenda maua mwenye gari au rafiki mwenye gari.

Ukiwa kati ya RB67 na Hasselblad na hela inatosha zote, jiulize kama unapiga ukiwa umesimama pamoja na stendi au unatembea. Anayetembea na kulipwa achukue Hasselblad, mradi fungu la matengenezo liwe pembeni tangu siku ya kwanza. Kama fungu hilo halipo, Yashica na filamu nyingi vitakupa picha nyingi kuliko Hasselblad iliyolala kabatini ikisubiri fundi.

Na kwa yeyote, usimalize hela yote kwenye kamera. Theluthi moja ibaki kwa filamu, tanki la kusafishia, D-76, dawa ya kugandisha picha na kipimajoto. Agiza filamu za kutosha miezi kadhaa kwa mara moja ili usafiri ugawanyike, na zihifadhi kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa.